Kipande cha Mwisho kwenye Sinia

Nyumbani kwetu Likoni, upande wa kwenda Mtongwe, hakuna mtu aliyekubali kula kipande cha mwisho. Wali ulikwisha, mchuzi ukapanguswa, miiba ikasukumwa kando, na katikati ya sinia kikabaki kipande kimoja cha samaki ambacho kila mtu alikiona na kila mtu alijifanya hakioni. Kukimaliza ni ulafi. Kukikataa ni kiburi. Basi Kaka alikimega katikati kwa vidole, akala nusu, akaacha nusu. Mimi nikaimega ile nusu, nikala yangu, nikaacha. Mama naye, kisha Baba, kisha Kaka tena, tukazunguka hivyo mpaka kikabaki kijinyuzi ambacho hata paka angekidharau.

Desturi hii haikuwa yetu peke yetu. Nimeiona katika nyumba nyingi za pwani, lakini wenzetu walifika mahali wakacheka, mtoto mdogo akapewa, mambo yakaisha. Kwetu mwamuzi alikuwa Baba. Alikiinamia kile kijinyuzi, akakitazama kwa makini, kisha akasema, "Hiki hakigawanyiki." Akakiokota kwa ncha ya kidole akamtilia Mama mkononi. Kilikuwa cha Mama siku zote kwa sababu ndiye aliyepika. Mama akakila, Baba akasema Alhamdulillahi, tukanyanyuka kunawa. Kabla Baba hajatamka maneno yale hakuna aliyethubutu kuondoka, hata kama alikuwa anakimbilia feri.

Kaka alikuwa na ujanja wake. Alifanya kibarua Changamwe, na nusu yake ilikuwa kubwa kuliko nusu ya mtu mwingine yeyote. Mama aliiita nusu ya Changamwe. "Hiyo ni nusu au robo tatu?" alimuuliza, naye Kaka akajibu akitafuna kwamba vidole vyake vimefura kwa kubeba magunia, haviwezi kupima sawasawa.

Baba alikuwa mwalimu wa madrasa. Asubuhi alilima mihogo, alasiri alisomesha watoto kwenye ukumbi wa mbele wa nyumba yetu. Alikuwa mkali. Simaanishi ule ukali ambao watu huusifu mtu akishafariki. Alikuwa mkali wa kuudhi, mtu wa kukurudisha mlangoni uingie upya kwa sababu salamu yako haikusikika. Mimi nimemrithi, na wanafunzi wangu ni mashahidi. Watu walimsema kwa kula sinia moja na mkewe na binti yake kila siku isiyo na wageni. Aliwajibu kwamba nyumba yake ina watu wanne na sinia moja, wanaotaka kumnunulia la pili walete.

Yale maneno, hiki hakigawanyiki, aliyatoa darasani. Aliwasomesha wakubwa itikadi, na humo mlikuwa na mjadala wa masheikh wa zamani: je, kitu chaweza kukatwa na kukatwa bila kukoma? Wengine walisema hapana, kila kiwiliwili huishia kwenye kipande ambacho hata kwa fikira hakikatiki, wakakiita jauhari. Wengine walikataa. Baba aliwasomesha kauli za pande zote mbili, kisha akafunga kwa Wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kwenye sinia alikuwa upande wa wale wa kwanza, kwa sababu baada ya chakula alitaka kulala.

Nilikuwa mdogo bado, nasoma shule ya msingi, siku niliyomuuliza. Alikuwa ameshatamka, Mama ameshakula, na mimi nimekaa nalitazama sinia tupu.

"Baba, samaki amekoma. Na pale alipolala?"

"Pale wapi?"

"Pale kwenye sinia. Simaanishi sinia. Mahali penyewe. Pakigawanywa pakigawanywa, pana kipande cha mwisho?"

Kaka alicheka akasema huyu amelishwa nini. Baba hakucheka. Aliubakiza mkono wake hewani, ukidondosha mchuzi, akaniambia nikanawe. Nilidhani nimekosa adabu. Wakati mwingine kabisa, nikiwa nafagia ukumbi baada ya darasa, alinijia akasimama karibu yangu. "Lile swali lako," akasema, "sijalipatia jibu." Akaenda zake. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu mzima, na kwa muda mrefu nilitembea nalo lile swali nikijiona mtu mkubwa.

Nilipoingia sekondari nilikutana na mwalimu wa fizikia ambaye alinipindua akili. Alikuwa mwanamke wa Kigiriama kutoka pande za Kaloleni, Mkristo, amepanga chumba kule Mjambere, na kila asubuhi alivuka daraja la Nyali na kisha feri aje atufundishe sisi watoto wa Likoni. Alifika amelowa jasho, akafungua dirisha, akaandika. Kazi ya mtihani ikishakwisha na kengele haijalia, alifuta ubao akatuambia mambo ambayo hayatoki kwenye mtihani.

Siku moja alituambia kwamba fizikia ni ndugu wawili wasiosemezana. Ndugu wa kwanza hushughulika na vitu vikubwa, na kazi yake ni mvutano. Yeye husema dunia haivuti nazi kwa kamba. Uzito wa dunia huipinda nafasi yenyewe, na nazi hufuata ule mpindo. Ndugu wa pili hushughulika na vitu vidogo. Kwake hakuna kinachotiririka. Kila kitu huja kwa punje. Mwanga huja kwa punje, nguvu huja kwa punje, ama punje nzima ama hakuna. Kila mmoja akiulizwa mambo yake hujibu bila kukosea. Lakini waite wote wawili kwenye kitu kimoja, kilicho kidogo mno na kizito mno kwa pamoja, hesabu zao zavurugana na hakuna linaloeleweka.

"Sasa fikirini," akasema. "Kama mvutano ni umbo la nafasi, na kila kitu huja kwa punje, basi nafasi nayo?"

Wengine walikuwa wanatazama saa. Mimi nikanyanyua mkono.

"Nayo ina kipande cha mwisho."

"Wako watu wanaokisia hivyo," akasema. "Wachache. Wanasema huenda nafasi si uwanja ambao vitu vimewekwa juu yake. Huenda nayo ni ya punje, na chini ya zile punje hakuna kitu kingine kilichozibeba."

Siku hiyo nilirudi nyumbani mbio. Wallahi sikumbuki hata njia niliyopita. Baba alikuwa anapalilia mihogo, nikamweleza yote nikihema. Aliniacha nimalize, akauegemea mpini wa jembe.

"Wanajua au wanakisia?"

"Wanakisia."

"Basi wasalimie," akasema, akaendelea kulima.

Nilitaka kumtupia kibuyu cha maji. Lakini ndivyo nilivyoingia kwenye fizikia na sikutoka. Nilisoma kwa ukaidi. Nilitaka siku moja nirudi kwenye lile shamba na kitu ambacho Baba hataweza kukisalimia na kuendelea kulima.

Nilifaulu mtihani wa mwisho. Wakati ule vyuo vikuu vilikuwa vinafungwa na kufunguliwa, na sisi tuliofaulu tulikaa majumbani tukingoja mpaka watu wakasahau kwamba tulifaulu. Nilipepeta mchele, nilikuna nazi, nilisomesha watoto wadogo wa madrasa alifu na bee. Mwishowe barua ya kuitwa ikaja: fizikia, Nairobi. Na kabla sijamaliza kuirukia, ikaja posa.

Watu wa posa walitoka mtaa wa Shika Adabu, familia ya heshima, wanajulikana. Kijana mwenyewe alifanya kazi katika hoteli moja kule Shelly Beach. Alikuwa mpole, anaswali, havuti sigara. Hakuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililonitisha, maana Baba hakuwa na sababu ya kumkataa. Walisema wazi kwamba hawataki kungoja miaka ya chuo. Wanataka mke, si mwanafunzi. Baba aliwaambia watamjia Ijumaa fulani baada ya alasiri wachukue jibu.

Nilitaka kwenda Nairobi. Siwezi kulizungusha jambo hili: sijawahi kutaka kitu namna ile, kabla wala baada. Nilijua nikikaa nitakuwa mke mwema, nitapika, nitazaa, na kila nitakapokitazama kipande cha mwisho kwenye sinia langu nitachukia. Nikamwambia Baba hivyo, pengine kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa.

"Siogopi Nairobi," akanijibu. "Wala siogopi fizikia yako. Naogopa watu wanaokuja kutoka huko wakiwa wajua kila kitu. Mtu wa namna hiyo hashikamani na mume, hashikamani na wazee, hashikamani na Mola wake. Huyo nimemwona. Amekaa hapo hapo kwenye hicho kiti chako akanifundisha mimi jinsi ya kupanda muhogo."

Mama ndiye aliyefanya jambo. Mama hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kupika. Alinituma kwa mwalimu wangu wa zamani wa fizikia nimwambie anaalikwa chakula cha mchana. "Azungumze na babako," akasema. "Walimu husikizana."

Mwalimu akaja, amevaa gauni lake zuri na amebeba maembe kwenye mfuko. Baba alimpokea kwa utani, maana Mdigo na Mgiriama hawakutani bila kutaniana.

"Nyinyi Wagiriama mwashuka huku kufuata samaki tu."

"Na nyinyi Wadigo mwakaa mwatungoja tuje tuwavulie, Maalim."

Mama alikuwa amepika changu wa kupaka, nazi nzito, wali umechambuka. Mgeni wa kike mmoja, Baba akaona si neno, tukakaa sote kwenye sinia. Walianza kuzungumza habari yangu wakiwa bado wanakula. Mwalimu akamwambia kwamba sijui kunyamaza na kwamba hiyo ni sifa. Baba akasema ya kutonyamaza anaijua. Kaka akawa anakula kimyakimya kwa kasi yake ya Changamwe. Samaki akapungua, akapungua, kikabaki kipande kimoja katikati, nasi sote wanne tukaondoa mikono kungoja nani ataanza kumega.

Mwalimu akakichukua chote akakila.

Kaka alipaliwa. Mama alitazama juu, kwenye makuti. Baba alibaki ameduwaa, vidole vyake tayari vimejipanga kumega kitu ambacho hakipo tena.

"Kwani vipi?" mwalimu akauliza. "Kwetu ukiacha kipande, mpishi anadhani hakikuwa kitamu."

Ikabidi Kaka amweleze: nusu, na nusu ya nusu, na Baba na hukumu yake. Mwalimu aliona haya, akajifunika uso kwa mkono wa kushoto. Kisha akaanza kucheka taratibu, akamgeukia Baba.

"Basi Maalim, nimefanya kile kile ambacho binti yako anataka kwenda kukisomea."

"Kipi hicho?"

Akamweleza. Ukitaka kuona kitu kidogo, akasema, wahitaji mwanga wa kukimulika, na kadiri kitu kinavyokuwa kidogo ndivyo mwanga unavyotakiwa kuwa na nguvu zaidi. Lakini nguvu nayo ina uzito wake, na uzito hupinda nafasi. Sasa unazidi kutafuta mahali padogo, na padogo zaidi, nawe wazidi kukaza nguvu katika tundu dogo, mpaka pafike pahali ile nguvu uliyoikusanya inapinda nafasi kiasi kwamba mahali penyewe panajifunga. Panakimeza ulichokuwa wataka kukiona. Hapo huwezi kukata tena, na si kwa sababu kisu ni butu. Hakuna tena kitu cha kuitwa nusu.

"Kidogo kiasi gani?" Baba akauliza.

"Chukua atomu moja, chembe ambayo jicho haliioni. Ivimbishe mpaka iwe kubwa kama ulimwengu wote tunaouona, na nyota zake zote. Ukishaivimbisha hivyo, hicho kipande cha mwisho hakitazidi minazi michache iliyounganishwa."

Baba alitazama nje, kwenye minazi yetu.

"Na wewe umekiona?"

"Hapana. Hakuna aliyekiona. Huenda hakuna atakayekiona."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Maalim. Na wakubwa zangu walioko ng'ambo hawajui. Wengine wanasema ni punje, wengine wanasema ni nyuzi, wengine wanasema hakuna kipande cha mwisho hata kidogo, nafasi yaenda bila kukoma. Siwezi kumdanganya binti yako kwamba najua, wala wewe siwezi."

Baba akaagiza maji ya kunywa. Hakuzungumza tena habari yangu. Alimsindikiza mwalimu mpaka barabarani wakitaniana juu ya mvua na mahindi, akarudi akalala.

Nilimkasirikia yule mwanamke, acha tu. Nilimtaka aje ashinde. Nilitaka amwage elimu mpaka Baba akose pa kukaa, na yeye amekuja nyumbani kwetu, amekula kipande cha mwisho, kisha amekiri mbele ya watu kwamba hajui kitu. Nilimwambia Mama hivyo huku nikisugua lile sinia kwa majivu. Mama akaniambia nisugue polepole, sinia halina kosa.

Siku zikaenda. Baba hakusema ndiyo, hakusema la. Nilimwona akisoma vitabu vyake vya zamani, akifunga, akifungua. Mama aliniambia nitie nguo zangu sandukuni. Nikamuuliza, za kwenda Nairobi au za kwenda kwa mume? Akasema nguo ni nguo.

Ile Ijumaa ikafika. Kaka alikuwa kazini. Baba alirudi msikitini, akavua kanzu, tukakaa watatu. Mama alikuwa amepika nguru. Nilisikia vidole vikigusa sinia. Nilijua kwamba tukishanyanyuka Baba atajilaza kidogo, ataamkia alasiri, na baada ya alasiri wale watu watapiga hodi. Kikabaki kipande kimoja.

Nikaanza mimi. Nikamega nusu. Mama akamega, Baba akamega. Ikanifikia tena, nikamega kidogo sana, si nusu, kipunje tu, nikakitafuna muda mrefu. Sikutaka kiishe. Maadamu kipo, hakuna jibu, na maadamu hakuna jibu, sijanyimwa. Mama akamega. Baba akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akakiinamia kile kipande.

"Hiki hakigawanyiki," akasema.

Mama alikitazama kile kipande, akamtazama mumewe. Alinyoosha kiganja chake kama ilivyo ada. Baba akakiokota, akaupita mkono wa Mama, akakitia mkononi mwangu.

"Kula, uende."

Nilikitazama kilivyokaa kiganjani. Nikakila. Kilikuwa kimepoa na kina chumvi, na mpaka leo nikila nguru hunijia ile siku yote nzima nzima. Baba akasema Alhamdulillahi, akanyanyuka. Mama akajipangusa kiganja kitupu kwenye kanga, akaniambia niondoe sinia.

Watu wa posa walikuja, wakakaribishwa kahawa. Baba aliwaambia binti yake ameitwa kusoma, na neno limeshamtoka kinywani hawezi kulirudisha. Walikunywa, wakaaga, wakaondoka na heshima yao. Kijana yule alioa mwaka uo huo, na alipata mke mzuri kuliko mimi.

Nairobi ilikuwa baridi na iliniumiza, lakini habari hiyo si ya leo. Nilisoma, nikamaliza, nikaendelea. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nimeshakuwa mtu wa kuketi safu ya mbele na kubisha, mhadhiri wetu alipoingia siku moja akachora ubaoni nukta na mistari inayoziunganisha, kitu kama kitambaa cha kufuma ambacho bado hakijakazwa. Akasema wako watu waliochukua mafunzo ya wale ndugu wawili wasiosemezana, wakayakalisha pamoja, wakapiga hesabu mpaka mwisho. Na hesabu imetoa jambo: eneo haliwezi kuwa dogo vyovyote upendavyo. Lina kipande cha mwisho. Ujazo nao vilevile. Kila nukta ubaoni ilikuwa punje ya nafasi, na kila mstari ulionyesha punje ipi inapakana na ipi. Zile punje hazikukaa ndani ya nafasi. Zenyewe ndizo nafasi, na katikati yake hakuna mahali, kwa sababu mahali ni hizo hizo.

Nililia. Niliinama kwenye dawati nikalia, jirani yangu akaniuliza kama nimefiwa.

Likizo ilipoanza nilipanda basi, nikashuka Mwembe Tayari, nikavuka feri nimesimama mbele kabisa. Baba alikuwa amezeeka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na madrasa ilikuwa imepata mwalimu mwingine. Alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka. Sikungoja hata chai.

"Baba, lile swali langu la sinia. Wamelipata. Mahali napo pana kipande cha mwisho."

Alinigeuzia uso. "Wamekiona au wamekihesabu?"

"Wamekihesabu."

"Basi bado."

Damu ilinipanda. Nimesafiri usiku kucha, nimebeba jambo hili kifuani tangu utoto wangu. "Baba, hata kufurahi huwezi?"

"Nimefurahi sana," akasema. "Bado."

Nikamwambia hata yeye amefaidika, maana hii ni jauhari yao ile ile. Akatikisa kichwa. "Si ile ile. Sisi twazungumza habari ya viumbe na Muumba wao. Nyinyi mwapima. Usiyatie maneno yangu katika vipimo vyako, nami sitayatia yako katika darasa langu. Kila moja likae kwake." Kisha akaniuliza zile nukta zimeungana vipi, nikachukua kidole chake nikamchorea juu ya mkeka, nukta na mstari, nukta na mstari. Alinifanya nirudie.

Mama akaleta sinia. Kaka alikuwa amehamia Changamwe na mke na watoto wake, kwa hiyo tulikuwa watatu tena. Tukala tafi wa kukaanga, tukamchambulia Baba miiba. Kikabaki kipande, tukamega, tukamega, mpaka kikawa kijinyuzi. Baba hakukiona, alikipapasa kwa ncha ya kidole. "Hiki hakigawanyiki," akasema, akampa Mama. Mama akala.

Nilingoja Alhamdulillahi. Haikuja. Baba alikuwa bado ameweka kidole chake pale kwenye sinia, pale palipokuwa na samaki.

"Ile Ijumaa ya posa," akasema.

"Abee."

"Kile kipande kilikuwa chagawanyika bado."

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa anakunja kanga yake gotini. "Nilikiona," akasema. "Kilikuwa kinene hivi." Akaonyesha ncha ya kidole gumba. "Kingezunguka tena na tena."

"Nalisema uongo mbele ya chakula," Baba akasema. Mtu huyu alikuwa akitufukuza darasani kwa kuongeza chumvi kwenye hadithi. "Nalikuona wamega vipunje ili kisiishe. Nikasema moyoni, huyu nikimwachia adabu ya sinia, hataondoka abadan."

Baba akasema Alhamdulillahi. Nikachukua birika na beseni, nikamnawisha Mama, kisha yeye. Alinyoosha vidole chini ya maji, nikavisugua kimoja kimoja mpaka shombo ikatoka. Akaniuliza nitavuka feri lini kurudi Nairobi.

Nikamwambia sijui.